Nilivyolinda Kura Guildford

Mtu akiniambia kwamba mahali fulani hakuna wizi, hapo ndipo ninaposhika mkoba wangu vizuri. Sikuzaliwa hivyo. Nilifundishwa na uchaguzi mmoja kwetu Kenya, nikiwa msichana wa chuo, nilipokuwa wakala wa mgombea katika kituo cha shule ya msingi. Wakati wa kuhesabu, taa zilizimika mara mbili, na mara zote mbili zilipowaka sanduku lilikuwa limenenepa. Nililia kwa hasira mbele ya askari, naye akanipa nusu ya andazi lake na kuniambia nisome kwa bidii. Tangu siku hiyo nikisikia neno uchaguzi mwili wangu hujipanga kwa vita, hata sasa nikiwa Sydney, mtaa wa Guildford, muuguzi wa zamu katika hospitali ya Westmead, mama wa binti mmoja ambaye huelewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza.

Kwa hiyo ulipokuja uchaguzi wa bunge la jimbo, na akatokea mgombea anayesema anataka kulinda haki ya kupiga kura, nilijiona nimeitwa kwa jina.

Mgombea wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwembamba asiye na chama, aliyefunga mabango yake mwenyewe kwenye nyua za watu baada ya kubisha hodi na kuomba ruhusa. Ajenda yake ilikuwa ukumbi wa shule yetu. Kulikuwa na maneno kwamba uchaguzi ukiisha ukumbi huo utaondolewa kwenye vituo vya kura, na watu wa kwetu waende mtaa mwingine, au wapige kura mapema katika ofisi inayofunguliwa saa ambazo watu wa Guildford wako ghalani wanabeba maboksi au wako kwenye nyumba za wazee wanawaogesha watu. Na nchi hii kura si hiari. Usipopiga, unaandikiwa barua ya faini. Mama yule alisema ni aibu kumhamishia mtu kituo halafu kumtoza faini kwa kutofika. Alitaka ukumbi ubaki, ofisi ya kura za mapema ifunguliwe hadi jioni, na maelekezo yaandikwe kwa lugha za watu, Kiswahili kikiwemo. Nilimpenda kwa sababu alijua kukasirika bila kupiga kelele, jambo ambalo mimi sijawahi kuliweza.

Nikamleta kanisani kwetu. Kanisa letu ni la Wakongo wa mashariki, na sisi Wakenya wachache tumejibanza humo kwa sababu ya kwaya. Alifika saa nane kamili, kama tulivyomwambia, akakaa peke yake kwenye ukumbi mtupu mpaka saa tisa na nusu, tulipoanza kufika tukiwa na haraka. Akafungwa kitenge kiunoni, akaombewa na watu kumi na wawili kwa pamoja, kila mmoja akiwa amemshika mahali. Wakati wa sadaka alipewa bahasha, akatia alichotia, akataka kuirudisha hivyohivyo. Mama aliyekaa kando yake akamshika mkono.

"Hapana," alimwambia, kisha akanigeukia mimi nimtafsirie. "Umwambie aandike juu. Yeye ni nani, na anaomba nini. Mungu atajua aje kama ni yeye?"

Kwenye kanisa letu hakuna sadaka bubu. Bahasha inaandikwa mtoaji na haja yake, na wengine huandika mpaka nyuma. Mgombea wetu akafikiri kidogo, akaandika kwa Kiingereza jina lake na maneno "Kura za kutosha." Mama akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akaipokea.

Mama huyo ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mtaa mzima unamwita Mama wa sambusa, kwa sababu hakuna msiba, harusi wala ubatizo kati ya Guildford na Blacktown usio na sambusa zake. Anafua nguo katika nyumba ya wazee, ana miaka sitini na kitu, na mwaka uliotangulia nilimpeleka mimi kwenye sherehe ya kuapishwa uraia, akalia tangu maegesho ya magari mpaka kwenye keki. Alikuwa hajapiga kura hata mara moja maishani. Si kwa uvivu. Kwao uchaguzi ulikuwa ukitangazwa, watu wanaandikishwa, wanapanga mstari kwa siku tatu, halafu inakuja habari kwamba eneo lao halina usalama na kura zao zitakuja baadaye. Hiyo baadaye haikufika. Mume wake alikuwa na kadi ya mpiga kura ambayo aliihifadhi ndani ya Biblia na kuikagua kila Jumapili. Walikimbia nayo. Alifia kambini wakisubiri viza, kadi bado mpya.

"Alikuwa anasema siku moja tutaingia wote wawili, yeye wa kwanza kisha mimi," aliniambia jioni moja jikoni kwake. "Sasa hii ya hapa, sitaki ipotee. Unaisikia? Hii moja, isipotee."

Nikamwambia aniachie mimi. Nilimwambia kura yake nitailinda kwa macho yangu mawili. Sijui kwa nini huwa naahidi vitu nikiwa nimeshiba.

Kamati ikaundwa, maana Mkenya hawezi kuhamisha hata kiti bila kamati. Mimi nikawa mwenyekiti wa ulinzi wa kura, cheo nilichokibuni na kujipa katika kikao kimoja. Mgombea aliniomba jambo dogo tu: niwafundishe watu wetu namna ya kujaza karatasi, kwa sababu maelekezo ya Kiswahili yalikuwa hayajatoka. Akanipa na mfano wa karatasi. Nikapata ukumbi kwa saa moja na nusu Jumamosi moja, watu wakajaa, nami nikatumia saa moja na dakika ishirini kufundisha wizi.

Siwezi kujitetea. Nilipogundua kwamba hapa watu wanapiga kura kwa penseli, na sanduku ni la kadibodi, na mtu haulizwi kitambulisho wala hachovywi wino kidoleni, nilishindwa kuendelea na mambo mengine. Nilisimama mbele nikiwa na raba nikawaonyesha kwa vitendo jinsi namba inavyofutika. Nikawaambia kila mtu aje na kalamu yake ya wino, na kwa wasio na kalamu nilinunua pakiti nzima. Nikawaeleza sanduku linavyojazwa, linavyobadilishwa, linavyosafirishwa kwa gari lisilo na namba. Watu wa Kongo wakaongeza ya kwao, tukaenda hivyo kwa raha kubwa, hofu ikipokezana na hofu. Mama aliinua mkono mara mbili. Nikamwambia, "Subiri, Mama, maswali mwisho." Mwisho ulipofika kanisa linalokodi ukumbi baada yetu lilikuwa mlangoni na ngoma zao, basi nikainua ile karatasi ya mfano juu na kusema, "Weka moja kwenye kisanduku cha mtu wetu, inatosha," tukatoka.

Binti yangu, aliyekuwa amekaa nyuma na simu yake, aliniambia ndani ya gari, "Mum, nobody's stealing anything. It's Guildford."

Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyotaka ufikiri.

Siku ya uchaguzi nilifika shuleni saa moja na robo asubuhi nikiwa na mawakala sita, thermos mbili za chai na blanketi. Msimamizi wa kituo alikuwa mama mwenye miwani ya kamba shingoni, ambaye siku za kawaida hupokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Alitutazama, akatazama blanketi, akauliza kama tuna shida ya makazi. Nilipomweleza kwamba sisi ni mawakala wa mgombea na tumekuja kulinda sanduku, akasema kwa upole mkubwa kwamba wawili wanatosha na kwamba shughuli itaisha jioni. Nikabaki mimi na ndugu mmoja Mkongo aliyetoka zamu ya usiku ghalani moja kwa moja. Nilimweka kwenye kiti mkabala na sanduku, nikamwambia asipepese macho. Alilala kabla mlango haujafunguliwa, akaendelea hivyo siku nzima, wapiga kura wakimpisha kwa heshima.

Saa mbili kasoro msimamizi alituonyesha sanduku tupu kabla ya kulifunga. Wakala wa chama kikubwa, mzee wa sweta la kijani aliyekuja na kitabu cha mafumbo, alichungulia kidogo akasema sawa. Mimi niliingiza kichwa ndani. Nilikagua pembe zote nne na chini nikapagonga kwa ngumi. Sanduku lilipofungwa kwa vile vifungo vyenye namba, nikaziandika zote kwenye kiganja, kama ninavyoandika mapigo ya moyo ya mgonjwa wakati daftari liko mbali. Mzee wa sweta akanipa biskuti. Nikaikataa, nikamweleza kwamba sipokei kitu kutoka upande wa pili. Akaila mwenyewe.

Nje, wazazi wa shule walikuwa wakichoma soseji kama ilivyo desturi ya hapa siku ya kura, na walimruhusu Mama aweke meza kando yao, nusu ya mapato iende shuleni. Alikuwa amebadilishana zamu ili awe huru Jumamosi hiyo, kwa bei ya Jumapili mbili. Kufika saa tano soseji zilikuwa zimedoda. Watu walikuwa wakipanga mstari wa sambusa kwanza, halafu wa kura, na wengine walirudi kwenye ule wa kwanza. Mzee wa sweta alitoka mara moja, akatoka tena, na mara ya tatu akarudi na ya msimamizi kwenye kitambaa cha karatasi. Nilimwambia Mama aingie mapema kabla mstari haujawa mrefu. Akasema anamaliza sufuria.

Aliingia saa tisa alasiri. Alikuwa amevua aproni, akafunga kitenge kipya na kilemba, akavaa viatu vya kanisani. Mimi nilikuwa mita chache tu, lakini wakala haruhusiwi kuzungumza na mpiga kura, nikabana midomo. Kijana wa mezani akatafuta jina lake kwenye orodha, akalikuta, akauliza swali ambalo wanamuuliza kila mtu: je, umeshapiga kura kabla ya sasa katika uchaguzi huu?

"Never," Mama alisema. Kijana akataka kumpa karatasi. Mama hakupokea, hakuwa amemaliza. "Not this one, not any one. Me, never. My husband, never."

Kijana akasema pole, akampa karatasi mbili: ndogo ya bunge la chini, na ile ya bunge la juu iliyo pana kama kitambaa cha meza. Mama akaenda nazo kwenye kibanda, akasukuma ile penseli yao kando kwa kidole kimoja, akatoa kalamu yangu.

Nilijivunia kalamu ile kuliko ninavyoweza kusema.

Alikaa mle ndani muda mrefu. Watu waliingia vibanda vya jirani wakatoka, wakaingia wengine. Niliona kilemba chake tu, kimeinama. Nikafikiri anaomba, na machozi yakanilenga. Nikawaza habari ya mumewe na kadi yake. Alipotoka alitia ile pana kwenye sanduku lake, kisha akakunja ile ndogo mara nne, akaitia sandukuni kwa mikono miwili, akaweka kiganja juu ya tundu kwa muda kidogo kuhakikisha imeshuka. Akanipita bila kunitazama, kama mtu anayetoka kwenye meza ya Bwana.

Saa kumi na mbili milango ikafungwa. Nililinganisha namba za vifungo na zile za kiganjani, ingawa nilikuwa nimenawa mara mbili na ya tatu ilisomeka kwa shida. Zote zilikuwa sawa. Nikakiri moyoni, kwa shingo upande, kwamba mpaka hapo hawakuiba. Karatasi zikamwagwa mezani, zikaanza kukunjuliwa na kupangwa mafungu kwa wagombea. Fungu letu lilikuwa dogo lakini lilikuwa nadhifu, karibu lote limeandikwa kwa wino wa bluu.

Baada ya nusu saa hivi, msichana aliyekuwa akikunjua karatasi akasita. Akageuza moja juu chini, akamwita msimamizi. Mzee wa sweta akasogea. Nami nikasogea.

Ilikuwa imekunjwa mara nne. Kwenye kisanduku cha mgombea wetu palikuwa na namba moja iliyosimama vizuri kabisa. Na kando yake, kuanzia juu mpaka chini na kuzunguka ukingo, palikuwa na maandishi ya wino wa bluu.

Msimamizi alieleza, kwa faida ya wote, kwamba mtu akiandika maneno kwenye karatasi, kura yake si lazima iharibike. Watu huandika matusi, alisema, na michoro. Sharti ni moja, maandishi yasimtambulishe mpiga kura, kwa sababu kura ni siri. Akaiinua miwani. "Sasa hii ni lugha gani?"

Wakamtazama ndugu yangu wa ghalani, aliyekuwa anakoroma. Halafu wote wakanitazama mimi.

Nilikuwa nimeshaisoma kwa pumzi moja. Ilisema hivi: "Mimi ni ule mama wa sambusa ya hapa inje. Ni mara yangu ya kwanza. Bwana yangu alingojea hii siku, hakufika. Basi muhesabu mbili, moja yangu na moja yake. Mungu abariki mikono yote yenye kuhesabu."

Hapo nikaelewa mkono ulioinuliwa mara mbili siku ile ya somo. Alitaka kujua anaandika wapi yeye ni nani na anaomba nini. Na mimi nilikuwa nimeshughulika na raba.

"Ni Kiswahili," nilisema. "Inasema, Mungu abariki mikono yote yenye kuhesabu."

Msimamizi akatazama mistari yote ile. "Yote hiyo?"

"Kiswahili ni lugha ndefu," nikasema.

Tangu asubuhi nilikuwa namtafuta mwizi, na sasa nilijua alipo: alikuwa amevaa beji yangu. Na nisidanganye, sikuona aibu mara moja. Nilijisikia vizuri. Kura ya Mama ilikuwa imebakiza sentimita thelathini kuingia kwenye fungu letu, na hakuna mtu katika jengo lile ambaye angeweza kunipinga. Laiti wangebishana nami ningeshinda. Lakini mzee wa sweta alifunga kitabu chake cha mafumbo akasema, "Mimi sina pingamizi. Huyu mama amekaa akililinda sanduku tangu alfajiri. Akisema ndivyo, ndivyo." Msimamizi akatikisa kichwa kukubali, akanyoosha mkono kuelekea fungu letu.

Walikuwa wananiamini tu. Hawakuwa na sababu yoyote, na mimi nilikuwa nimekataa hata biskuti ya mtu huyo.

"Ngoja," nikasema. "Kuna na mengine."

Nikawatafsiria kutoka mwanzo. Nilipofika kwenye sambusa wote walicheka, msichana wa karatasi akaziba mdomo, msimamizi akajifuta macho. Walicheka kwa upendo, kama unavyocheka mtoto akitaja jina lako kwenye sala ya chakula. Nilipofika kwa mume, yule msichana akaushusha mkono. Nilipofika kwenye "muhesabu mbili", mzee wa sweta akavua miwani akaanza kuisafisha kwa sweta, ambalo kwa maoni yangu lilizidi kuichafua.

"Huyo namjua," alisema kwa huzuni. "Nimekula nne."

"Mbili," alisema msimamizi, akimaanisha zake.

Nikaanza kutetea. Nilisema Sydney imejaa mama wa sambusa. Nilisema waende Blacktown wakasimame mbele ya maduka ya Waafrika waulize mama wa sambusa ni yupi, wataona watakavyozingirwa. Nilisema kule Westmead tuna watatu katika wodi moja. Nilizungumza kwa ufasaha ambao sijawahi kuupata kwenye usaili wowote wa kazi. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini ameandika wa hapa nje. Hapa nje leo alikuwa mmoja." Akaomba radhi, mara mbili, akaiweka kwenye fungu la kura zilizoharibika, chini ya moja iliyochorwa kangaruu.

Nilitamani taa zizime. Kweli kabisa. Nilitazama juu kwenye zile taa za shule, zinang'aa zote bila hata moja kupepesa, nikazichukia.

Mgombea wetu alishika nafasi ya tatu. Alitukumbatia wote, akasema ametingisha kiberiti na atagombea tena, na mumewe aliyekuwa amebeba mabango akatazama viatu vyake. Nilimwamsha ndugu wa ghalani, akauliza kama tumeshinda. Nilirudi nyumbani na blanketi langu. Binti yangu aliponiona uso akaacha simu, na nilipomweleza akasema, "It's one vote, Mum," lakini alisema polepole, na akaniletea chai bila kuombwa.

Ningeweza kunyamaza. Kura ni siri, hata Mama mwenyewe asingejua. Lakini kesho yake kanisani, wakati wa ushuhuda, alisimama mbele na kilemba kilekile. Alisema jana aliingia akapiga kura, na kwamba hakuingia peke yake, kwa sababu ameomba wamhesabie na bwana yake, na Mungu wa mbinguni anajua kusoma. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Watu walitoka kwenye viti wakamzunguka, mchungaji akapiga ngoma mwenyewe. Mimi nilibaki nimekaa, nimeshika mkoba kwa mikono miwili.

Jioni nikaenda jikoni kwake. Alikuwa anakunja manda za sambusa kwa ajili ya msiba wa mtu huko Blacktown, trei limejaa pembetatu. Akanivutia kiti kwa mguu.

"Ulikuwa ndani," alisema. "Uliiona yangu?"

"Niliiona, Mama."

"Waliisoma?"

"Waliisoma."

"Nani aliwasomea? Bazungu hawajue Kiswahili."

Nikamwambia ni mimi. Halafu nikamwambia yaliyobaki: sheria ya siri, maneno ya hapa nje, fungu walikoiweka. Nilimwambia kwamba nilijaribu kuficha nikashindwa, na kwamba nilipaswa kumfundisha nikafundisha upuuzi. Nilizungumza haraka na kwa muda mrefu. Sikumwambia habari ya kangaruu. Yeye aliendelea kukunja, kidole kwenye uji wa unga, kidole kwenye manda, mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo haikuhesabiwa."

"Haikuhesabiwa, Mama. Nisamehe."

"Hata moja."

"Hata moja."

Akaweka ile sambusa chini, pembe yake moja bado wazi. "Niliomba mbili," alisema, "munanipa zero."

Akaanza kucheka. Alicheka kile kicheko chake cha tumbo ninachokisikia kupitia ukutani anapopigiwa simu na dada zake, na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa nimebanwa tangu jana, nikapasuka naye. Nilicheka mpaka nikaegemea jokofu. Mbili, zero. Nilikuwa naikariri na kuanza upya. Yeye alikuwa amejifunika uso kwa pembe ya kitenge, na mabega yake yalikuwa yanatikisika vilevile kama mwanzo, ndiyo maana ilinichukua muda kujua kwamba ninacheka peke yangu.